Meno Matatu

Duka letu la Nurmes lina kengele mlangoni.
Mtu akiingia, kabla ya salamu, namtazama mikono:
amebeba nini, anataka kukata nini.
Uso siusomi. Uso hauna unene wa kupima.

Januari alikuja Kauko, mpasua mbao,
na gogo la mbetula lililoganda hadi kiini.
Alitaka jino la ndoana, lile lililoinama mbele
kama mwenye njaa juu ya sahani.
Nikamwambia, hilo ni la kiangazi.
Kiangazi mti una maji, jino huzama, hujichotea.
Sasa mti wako ni jiwe lenye magome.
Chukua jino lililosimama kidogo, lisilo na papara.
Akabisha, akachukua ndoana.
Alhamisi akarudi, ukanda vipande viwili,
gogo lenyewe akaliacha mlangoni kama ushahidi.

Baba mkwe wangu, Oiva, hukaa nyuma karibu na jiko,
meno yake ndani ya glasi dirishani.
Kwa ufizi mtupu ananifundisha habari za meno:
alumini ni laini, usidanganyike na ulaini.
Hunata. Hujaza makorongo
mpaka jino linakosa pa kutemea.
Ipe msumeno wa kuruka, jino lipo, jino halipo.
Pengo nalo lina kazi.
Wapo wasemao jino la pembe si dawa ya pengo;
Oiva hataki dawa, analipenda pengo lake.

Si kila asemalo ni la kushika.
Plastiki aliniambia niikate kwa kasi.
Ikayeyuka, ikafunga jeraha nyuma ya msumeno
kana kwamba hatukupita.

Jana aliingia Tyyne wa Höljäkkä.
Mikono mitupu. Alichora mraba hewani kwa kidole.
Kitanda, akasema. Cha chuma. Cha watu wawili.
Nataka kibaki cha mmoja.

Nikamuuliza unene wa chuma,
maana ndilo swali langu, na sikuwa na jingine.
Milimita nne, akasema. Cha kizamani.
Alikuwa amekwisha kupima.

Kanuni ni meno matatu ndani ya chuma kwa wakati mmoja:
moja likiingia, moja kazini, moja likitoka.
Jino likiwa peke yake,
ukingo mwembamba hulinasa katikati ya hatua
na kuling'oa.
Nilijifunza hilo mwaka wangu wa kwanza,
bomba la baiskeli, ukanda mpya wa meno mapana,
sauti kama mvua ya mawe juu ya bati.
Mume wangu hakusema neno.
Alifagia meno sakafuni, akayahesabu.

Nikashusha ukanda wa meno madogo,
ishirini na manne kwa inchi,
yaliyopindwa kwa mawimbi, kundi kushoto, kundi kulia.
Nikataka kumtajia bei.
Nikaona vidole vyake bado vimeshika ule mraba.
Nikafunga duka.

Kitanda kilikuja juu ya pikapu, theluji kwenye chemchemi zake.
Tulikata polepole, mafuta tone kwa tone.
Chuma hakikupiga kelele. Kilinong'ona muda mrefu,
na Tyyne akakishika upande wake
kama mtu anayemshika mgonjwa mguu.
Oiva akatoka nyuma.
Alikuwa amevaa meno.

Nusu moja aliichukua, fundi wa kwao ataitia miguu.
Nusu ya pili ipo hapa, hakusema lolote kuihusu.
Ina miguu miwili tu, ilikuwa ikianguka kila ninapopita,
basi nimeiegemeza juu ya gogo la Kauko,
ambalo limeanza kuyeyuka,
na maji yake yanafika mpaka chini ya kaunta.